Je, wimbo ni mali?

"Kijana anafanya kazi gani?" Katika vikao vya ndoa huku kwetu Kamina, swali hili linatoka mapema, mara tu baada ya salamu na soda. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa mu kikao kama hicho, upande wa wenye binti. Binti alikuwa mtoto wa yaya yangu, maana yake kwa desturi ni mtoto wangu pia. Msemaji wa upande wa kijana alijibu: "Anapigaka gitare." Mzee wetu akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole: "Niliuliza kazi."

Tulicheka wote, hata jamaa za kijana. Yeye peke yake hakucheka. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi, na leo nataka kukiweka mbele ya wasomaji wa kijitabu hiki kama swali la kufikiri pamoja. Mwanaume ambaye mkononi hana kitu isipokuwa wimbo, anaweza kuja mbele ya wakwe? Wimbo ni mali? Na kama si mali, mali yenyewe ni nini?

1. Filme tuliyoipenda

Wasomaji wengi wa umri wangu na zaidi wanaikumbuka filme La Vie est belle, yaani Maisha ni mazuri. Ilitoka mwaka 1987, nchi ikiitwa bado Zaïre. Waliiongoza watu wawili: Ngangura Mweze, mwana wa Bukavu, na Benoît Lamy, Mbelgiji. Haikuwa filme ya pesa mingi kama zile za Marekani. Hakuna majumba yaliyojengwa juu ya kamera. Kuna Kinshasa yenyewe, mitaa yake, nganda zake, maneno ya Kilingala na Kifaransa, na muziki tangu mwanzo hadi mwisho. Pépé Kallé naye anaonekana humo.

Hadithi ni nyepesi. Kourou, kijana mpiga muziki wa mukini, anaenda Kinshasa kutafuta bahati kwa muziki wa umeme. Hapati gitare, anapata kazi ya boyi katika nyumba ya tajiri Nvuandu, mwenye nganda kubwa. Anampenda binti mmoja, jina lake Kabibi. Lakini Nvuandu pia anamtaka Kabibi, sababu nguvu zake za kiume zimemwacha na mganga amemshauri aoe binti kijana na kukaa naye siku 30 bila kumgusa. Mama ya Kabibi anampendelea tajiri. Mamou, bibi wa kwanza wa Nvuandu, anakasirika na kupigania nyumba yake. Hivi boyi na tajiri wanapenda mwanamke mmoja bila kujua. Mwishoni Kourou anapanda jukwaani, anaimba, watu wanasimama, na Kabibi ni wake.

Kourou alichezwa na Papa Wemba, ambaye wakati ule alikuwa tayari nyota, na ambaye alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 akafariki. Tulipokuwa vijana tuliangalia filme hii kwa kaseti, tumejaa mu sebule ya jirani mwenye televizyo, tukiomba umeme usikatike kabla ya mwisho. Tulipiga makofi kwa Kourou. Hakuna aliyempigia makofi Nvuandu.

Basi niulize: kwa nini watu walewale waliompigia makofi Kourou mu televizyo, wanamcheka Kourou anapokuja kukaa mu sebule yao na wazee wake wawili?

2. Wazee hawakosi sababu

Ni rahisi kusema kwamba wazazi wanapenda pesa, basi. Si haki. Nimesikiliza wazee na wana sababu.

Wanasema mpiga muziki ni mtu wa usiku, na nyumba inajengwa mchana. Wanasema leo ana kikundi, kesho wamegawanyika juu ya mikrofoni. Wanasema wasichana wanamfuata, na bibi yake atakuwa mtu wa kungoja. Wanasema tena methali tunayofundisha shuleni: ngoma ivumayo haidumu. Kila mmoja wao anamjua dada au binti aliyebaki na watoto wakati bwana amefuata muziki Lubumbashi au Kinshasa. Huyo dada ni mtu wa kweli, na kilio chake ni cha kweli.

Lakini ni lazima kuwaambia wazee pia kwamba hayo si desturi ya Baluba. Ni woga wa mji. Katika desturi yetu mwenye wimbo hakuwa mhuni. Watu wa mbudye walioshika kumbukumbu za wafalme, wakisoma ule ubao wa shanga unaoitwa lukasa, walifanya hivyo kwa kuimba na kucheza. Historia yetu yote ilikuwa mu midomo yao na mu miguu yao. Na katika hadithi ya mwanzo wa ufalme, Nkongolo Mwamba alipomwita Kalala Ilunga kucheza ngoma juu ya mkeka uliofunika shimo la mikuki, wasimulizi mingi wanasema mpiga ngoma ndiye aliyemwonya kwa lugha ya ngoma. Wasimulizi hawapatani katika yote. Lakini wakisimulia hivyo, wanakubali kwamba bila mpiga ngoma kusingekuwa na mfalme.

Na Kamina yenyewe? Mji huu jina lake lilifika mbali kwa njia ya reli na kwa njia ya base ya kijeshi, ndiyo. Lilifika pia kwa wimbo. Padri Guido Haazen alikusanya hapa, mwaka 1954, kwaya ya watoto wa shule na walimu wao, wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 misa yao, Missa Luba, iliimbwa hapa Kamina, na mwaka uleule kwaya ilizunguka Ulaya. Sanctus yao ilisikika hata mu filme ya Uingereza, If...., ya mwaka 1968. Walikuwa watoto wa huku, na watu wazima kati yao walikuwa walimu, watu wa kazi yangu. Sijasikia mtu aliyesema kwamba wale walikuwa wavivu.

Katanga inamjua pia Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na gitare yake ikasikika mpaka Nairobi na mbali zaidi. Bosco huyo alikuwa pia karani wa ofisi. Mtu mmoja, mikono miwili: mmoja wa kalamu na mwingine wa nyuzi. Kwa hiyo kusema "mpiga gitare hana kazi" ni kutojua hata historia ya jimbo letu.

3. Mali ilikuwa nini?

Tukubali basi kwamba mwimbaji anastahili heshima. Je, wimbo wake ni mali? Hapa ndipo ninapoachana na filme.

Mu Haut-Lomami yetu, kule Sanga karibu na ziwa Kisale, watu wa akiolojia walianza kuchimba mwaka 1957 na walikuta makaburi ya zamani sana. Mu makaburi hayo kulikuwa misalaba ya shaba. Wataalamu walitambua kwamba misalaba ya wakati wa kwanza ilikuwa mikubwa na michache. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi, na ya kipimo kimoja. Baadhi yao wanafikiri kwamba ile mikubwa ilikuwa ya mambo makubwa, kama vile mali ya ndoa, na kwamba ile midogo ikawa pesa ya kununua kila kitu.

Ikiwa wamesoma vizuri, basi historia hiyo imetupata mara ya pili. Wazee wa zamani walitoa jembe, mbuzi, shaba. Vitu hivyo havikuwa bei ya mwanamke. Vilikuwa alama inayoonekana: kwamba kijana hakuja peke yake, kwamba jamaa yake wanamjua, kwamba kitu kimetoka kwao na hakitarudi. Leo alama imekuwa karatasi, ile watu wa mujini wanaiita faktire. Ina suti ya baba, vitenge vya mama, baiskeli ya mjomba, mbuzi, dolari. Msalaba mkubwa umekatwakatwa vipande vya sokoni.

Mali, kwa maana yake ya kwanza, ina kitu ambacho wimbo hauna. Mbuzi akitoka kwangu kwenda kwako, kwangu hayuko tena. Wimbo nikikuimbia, unabaki kwangu mzima, na kesho ninaweza kumwimbia mwingine palepale. Mwimbaji hapotezi wimbo kwa kuutoa. Ndiyo sababu wimbo ni mzuri sana, na ndiyo sababu hautoshi mu kikao.

Mwenzangu mmoja wa shule aliniletea filme nyingine inayonisaidia kueleza jambo hili. Inaitwa Once, ya Ayalandi, iliyoongozwa na John Carney na kutoka mwaka 2007. Ilipigwa kwa siku 17 tu mu mji wa Dublin, kwa pesa kidogo, na wachezaji wake wakuu, Glen Hansard na Markéta Irglová, ni wanamuziki wa kweli. Mwaka uliofuata wimbo wao mmoja ulipata tuzo ya Oscar. Ndani yake mwanaume anatengeneza mashine za kufagilia mu duka la baba yake, na mara nyingine anaimba barabarani na gitare. Mwanamke ni mgeni kutoka nchi ya Cheki, anauza maua, ana mama na mtoto mdogo, na bwana wake amebaki mbali. Anajua piano lakini hana piano. Anapiga mu duka la vyombo vya muziki wakati mwenye duka anamruhusu. Wanaimba pamoja, wanarekodi pamoja, upendo unaonekana wazi. Hawaoani. Mwanaume anaenda London na nyimbo zake. Lakini kabla ya kwenda ananunua piano na kuipeleka nyumbani kwa yule mwanamke.

Nilipoona mwisho ule nilikaa kimya. Nyimbo zilienda na mwenyewe, piano ilibaki. Huyo kijana wa Ulaya, ambaye hakuna mzee aliyemwandikia faktire, alijua mwenyewe kwamba kuna wakati ambapo kuimba hakutoshi, ni lazima kitu kiache mkono wako na kibaki kwa mwingine. Alitoa mali bila kupata bibi. Kourou wetu alipata bibi, na filme haituonyeshi kwamba ametoa kitu. Yeye aliimba, akashangiliwa, na mlango ukafunguka.

Tena filme yetu inajiepusha na swali gumu. Kourou anashinda sababu amekuwa maarufu. Lakini umaarufu ni utajiri wa namna nyingine. Ni Nvuandu aliyevaa nguo ya mwimbaji. Swali la kweli lilikuwa hili: kama usiku ule watu wasingesimama, kama mikrofoni ingeharibika, kama Kourou angerudi mu chumba cha boyi bila makofi, Kabibi angestahili kuwa bibi yake au hapana? Filme haijibu. Sisi mu sebule zetu tunajibu kila mwezi, sababu vijana wanaokuja kwetu na gitare karibu wote ni Kourou asiyepata jukwaa.

4. Orodha niliyoiandika mimi

Nirudi mu kikao chetu. Nilisema tulicheka. Baada ya kicheko, wazee walitoka kidogo nje kusemezana. Hakuna aliyetaka kijana yule, na hakuna aliyetaka kusema hapana, sababu binti alikuwa amempenda wazi. Ndipo mmoja akasema: "Tumupatie liste. Atachoka yeye mwenyewe." Wakanipa mimi karatasi, sababu mwalimu ana mwandiko mzuri. Niliandika: mbuzi 5, baiskeli, suti, vitenge, dolari 800. Nilipokuwa ninaandika nilijua kwamba kijana anayepiga gitare mu kanisa na mu arusi za watu hawezi. Niliandika kwa herufi nzuri.

Baada ya miezi nane alirudi na mbuzi mmoja na dolari 150. Alisema ni pesa za arusi na za matanga alizopiga, na kwamba atamalizia. Tulipokea, tukasema tunangoja mengine. Mwaka mwingine ulipita. Akaja mfanyabiashara mwenye magari mawili. Huyo tulimuuliza magari ni ya aina gani, yanaenda njia gani, mafuta yanakula kiasi gani. Alimaliza orodha siku moja. Basi ilikuwa lazima kumrudishia mpiga gitare vitu vyake. Mbuzi alikuwa amezaa. Kukawa na maneno: kitoto cha mbuzi ni cha nani? Mzee akakata: kirudi kilichokuja, kilichozaliwa kwetu ni chetu. Kijana alichukua mbuzi wake na dolari zake, akasema asante, akaenda. Kitoto kile tulikichinja siku ya arusi.

Binti yetu ana watoto leo. Bwana wake si mtu mbaya, na yeye hanung'uniki. Siku moja tu, tukiwa tunazungumza mambo mengine, aliniuliza: "Baba, ule kijana, mulimuulizaka hata mara moja anapiga mwimbo gani?" Nikasema hapana. Akasema: "Na gari muliulizaka yote." Kisha akaenda kuangalia sufuria yake.

Sikuwa na jibu siku ile. Leo nadhani ninalo. Kosa letu halikuwa kuomba mali. Hata Sheria ya Familia, ile Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, mwaka uleule wa filme, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mali itolewe walau sehemu yake kabla ya ndoa kufungwa. Na inasema, hata kama desturi ni kinyume, kwamba mali inaweza kuwa ya alama tu. Mbuzi mmoja na dolari 150 zilitosha mbele ya sheria. Na mbele ya desturi ya kweli zilizidi, sababu zilitoka mu usiku mingi wa mtu mmoja na hazikubaki kwake. Mbuzi watano wa mfanyabiashara walitoka mu kundi lake, na kesho yake hakuona kwamba kundi limepunguka.

Kosa letu lilikuwa kutumia desturi kama kufuli. Tulikosa moyo wa kusema hapana, tukaituma orodha iseme badala yetu. Kijana akaondoka akifikiri kwamba ni mababu waliomkataa, kumbe ni sisi. Padri Placide Tempels, aliyeishi kati ya Baluba na kutoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu, aliandika kwamba kwetu mtu hasimami peke yake, anaongezewa au kupunguziwa nguvu na wengine. Kitabu kile kimepingwa sana, na si kila kitu ndani yake ni cha kushika. Lakini juu ya jambo hilo moja, mimi najua kwamba siku ile tulipunguza mtu.

5. Tufanye nini?

Ndugu wasomaji, sisemi kila mpiga gitare apewe binti. Wako wahuni wenye gitare, kama wako wahuni wenye magari mawili na wahuni wenye diploma. Nasema mambo matatu.

Kwanza, tukiuliza kazi, tuulize kazi zote namna moja. Kama tunamuuliza mwenye gari njia zake, tumuulize mwimbaji nyimbo zake: alijifunza wapi, anapiga na nani, siku ya matanga anafanya nini, pesa ikipatikana wanagawa namna gani. Atakayejibu vizuri ana kazi. Atakayeshindwa, tutakuwa tumemjua kwa haki.

Pili, tupime mali kwa mkono uliotoa, si kwa mfuko unaopokea. Orodha iandikwe baada ya kumjua kijana, si kabla. Kitu kimoja kilichomwuma mwenye kutoa kinaonyesha moyo wake kuliko vitu kumi ambavyo hakuona vikitoka.

Tatu, kama jibu ni hapana, mzee aseme hapana kwa kinywa chake, na aseme sababu. Kijana atalia, binti atakasirika, lakini hakuna atakayedanganywa, na desturi haitabeba mzigo ambao si wake.

Je, wimbo ni mali? Hapana. Wimbo ni kazi ya mwimbaji na ni furaha ya mtu anayeimbiwa. Mali ni kile kinachotoka na hakirudi. Yule kijana alikuwa navyo vyote viwili mbele yetu, wimbo na mbuzi. Nimesikia kwamba yuko Lubumbashi na bado anapiga. Tukikutana, nitamuuliza anapiga mwimbo gani. Na kile kitoto cha mbuzi, nadhani nina deni nacho.